Vibebeo vya nano katika saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chembe zinazobeba dawa na kuonekana kwenye picha

Maswali haya huulizwa tena na tena na wagonjwa, ndugu wanaowauguza, wauguzi, na wanafunzi wa famasia na udaktari. Kila jibu linajitosheleza. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, utaelekezwa namba ya swali. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayelijua faili lako.

## Mambo ya msingi

1. Kibebeo cha nano ni kitu gani hasa?

Ni chembe ndogo mno iliyotengenezwa ili ibebe dawa ndani ya damu. Ukubwa wake kwa kawaida ni kati ya nanomita 10 na 200, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000. Kwa hiyo hata kile kimshipa chembamba ambacho seli nyekundu hupita kwa kujibana, kwa kibebeo ni barabara pana.

Kibebeo kikiwekewa dawa pamoja na kitu kinachoonekana kwenye mashine ya picha, wataalamu hukiita cha theranostiki: tiba na uchunguzi katika chembe moja.

2. Kwa nini dawa ifungashwe? Si iingizwe tu kwenye dripu?

Chukua doksorubisini, ile dawa nyekundu inayojulikana kwenye kila wodi ya saratani. Ikiingia mshipani ikiwa tupu, huiacha damu ndani ya dakika chache na kusambaa mwilini kote, moyo ukiwamo. Madhara yake kwenye moyo hujilimbikiza, ndiyo maana madaktari huhesabu jumla ya dozi aliyopata mgonjwa maishani mwake, na kwa kawaida hawataki ivuke miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili.

Dawa hiyohiyo ikifungiwa ndani ya liposomu (vifuko vidogo vya mafuta) zilizovikwa nyuzi za polima iitwayo PEG, karibu nusu yake huwa bado inazunguka kwenye damu siku mbili baadaye. Imefungiwa, kwa hiyo haiingii kwa urahisi kwenye msuli wa moyo, na ina muda wa kupita kwenye uvimbe mara nyingi. Muda huo ndio mtaji wa teknolojia hii nzima.

3. Kuna aina gani za vibebeo?

Liposomu ndizo kongwe na ndizo zilizofika mbali zaidi hospitalini. Ni vifuko vya mafuta vyenye ukuta wa tabaka mbili, vilivyogunduliwa na Alec Bangham huko Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jinsi doksorubisini inavyopakiwa ndani yake ni kazi ya akili nyingi. Watengenezaji huanza kwa kujaza kifuko salfeti ya amonia, kisha huweka dawa nje. Dawa hupenya ukuta, ikifika ndani hupata chaji ya umeme, hushikana na salfeti na kuwa fuwele. Ikishakuwa fuwele haiwezi tena kurudi nje. Liposomu moja hubeba kiasi cha molekuli 10,000 hadi 15,000 za dawa, na ukiitazama kwa hadubini ya elektroni unaiona ile fuwele imelala katikati, imeuvuta ukuta hadi mviringo ukarefuka.

Nyingine ni za albumini, protini iliyo tayari kwenye damu yetu. Za polima zinazoyeyuka mwilini. Na za vitu visivyo hai kama oksidi ya chuma, dhahabu na silika. Hizi za mwisho zina faida kwamba baadhi yake huonekana kwenye picha zenyewe, bila kubandikwa kitu cha ziada. Hasara yake ni kwamba mwili hauna njia rahisi ya kuziyeyusha, isipokuwa chuma, ambacho huingizwa kwenye akiba ya kawaida ya madini ya chuma.

4. Je, ni zilezile chembe za chanjo ya COVID-19?

Ni za ukoo mmoja. Chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna hubeba mRNA ndani ya chembe za mafuta za ukubwa unaokaribiana na liposomu za saratani. Lakini chanjo inachomwa kwenye msuli, kwa kiasi kidogo sana, na ikiamsha kinga hapo hapo au kwenye tezi za jirani kazi imekwisha. Kibebeo cha saratani kinaingia mshipani, kinapaswa kulikwepa ini, kiufikie uvimbe uliojificha mbali, na kifanye hivyo mzunguko baada ya mzunguko wa matibabu. Kwa hiyo mafanikio ya chanjo hayathibitishi kwamba tatizo la saratani nalo limetatuliwa.

5. Kwa nini kuongeza picha? Dawa peke yake haitoshi?

Dawa ikishaingia kwenye dripu, daktari haoni tena inakokwenda. Anasubiri wiki nane au kumi na mbili, anaagiza picha ya CT, anatazama kama uvimbe umepungua. Kama haukupungua, hajui ni kwa sababu seli za saratani zimeizoea dawa au ni kwa sababu dawa haikufika kabisa. Hayo ni matatizo mawili tofauti na yanahitaji majibu mawili tofauti. Mgonjwa amepoteza miezi mitatu ambayo hakuwa nayo ya kupoteza.

Picha inaweza kutenganisha hayo mawili ndani ya siku moja au mbili baada ya dozi. Kwa maoni yangu hapo ndipo thamani kubwa ya vibebeo hivi ilipo: kumtambua mapema mgonjwa ambaye dawa ya nano inamfikia, na kumwepusha nayo yule ambaye haimfikii. Habari nyingi huvutiwa zaidi na wazo la chembe moja inayofanya kila kitu, na jambo hili la kuchagua wagonjwa husahaulika. Linajibiwa kwa mifano ya kweli kwenye swali la 12 na la 15.

## Safari ya kuufikia uvimbe

6. Kibebeo kinajuaje uvimbe ulipo?

Hakijui. Kinazunguka na damu, na kinategemea tofauti kati ya mishipa ya uvimbe na mishipa ya kawaida. Uvimbe hukua haraka na mishipa yake hujengwa ovyo. Kuta huvuja, na mifereji ya limfu ya kuondoa majimaji huwa mibovu. Chembe kubwa ambazo haziwezi kutoka kwenye mshipa mzima zinaweza kutokea hapo na kukwama. Matsumura na Maeda wa Kumamoto, Japani, walilieleza jambo hili mwaka 1986, na limeongoza utafiti tangu hapo.

Picha hiyo imebadilika kidogo. Mwaka 2020 maabara ya Warren Chan, Chuo Kikuu cha Toronto, ilionyesha kwamba kwenye uvimbe walioupima, hadi asilimia 97 ya chembe ziliingia kwa kupitishwa na seli zenyewe za ukuta wa mshipa, wala si kwa kupenya kwenye matundu. Ikiwa ndivyo, kuhesabu matundu peke yake hakutatuambia ni uvimbe wa nani utakaopokea dawa.

Kuna pia vibebeo vinavyobandikwa kingamwili inayoshika alama fulani kwenye seli ya saratani, kwa mfano HER2 kwenye baadhi ya saratani za titi. Kingamwili haikivuti kibebeo kutoka mbali. Husaidia pale tu kibebeo kinapokuwa kimeshafika jirani na seli, kiishike na kiingie ndani yake.

7. Ni kiasi gani cha dawa hufika kwenye uvimbe kweli?

Kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2016 maabara hiyohiyo ya Toronto ilikusanya matokeo ya miaka kumi ya tafiti, karibu zote za panya, ikakuta kwamba thamani ya katikati ni asilimia 0.7 ya dozi iliyodungwa. Si hata moja kwa mia.

Namba hii ilizua mjadala mkali na inastahili kusomwa kwa makini. Dawa isiyofungashwa nayo hufika kwa kiasi kidogo sana, na bado inatibu. Tena hiyo ni thamani ya katikati: iko mivimbe inayopokea mara nyingi zaidi ya hapo na iko isiyopokea karibu chochote. Tofauti hiyo kati ya mgonjwa na mgonjwa ndiyo inayofanya picha iwe ya lazima.

8. Inayobaki inakwenda wapi?

Sehemu kubwa huishia kwenye ini na wengu. Seli za ulinzi zilizopanga kwenye mishipa ya ini kazi yake ni kukamata chembe ngeni zinazopita, na kibebeo kwao ni chembe ngeni kama bakteria. Vazi la PEG hulitatiza ini kwa saa au siku kadhaa, halilizuii moja kwa moja.

Chembe ndogo kabisa, chini ya takriban nanomita 6, hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wamegeukia chembe ndogo mno, wakikubali kwamba zitabeba mzigo mdogo mradi mwili uzitoe zikiwa nzima.

## Picha

9. Ni mashine gani zinaweza kuziona chembe hizi?

MRI huona chembe za oksidi ya chuma kama giza kwenye picha za aina moja, na gadolinia, aina ya metali, kama mng'ao kwenye picha za aina nyingine. Haina mionzi na huonyesha mwili kwa undani, lakini inahitaji kiasi kikubwa cha chembe ili ione. PET na SPECT huona viini vya mionzi, yaani atomi zinazotoa mionzi, vilivyofungwa kwenye kibebeo. Hizi huhisi kiasi kidogo mno na hutoa hesabu, yaani daktari anaweza kusema asilimia ngapi ya dozi iko wapi. CT huona dhahabu, kwa kiasi kikubwa. Mwanga wa fluoresensi unafaa maabara na wakati wa upasuaji, kwa sababu haupenyi nyama zaidi ya milimita chache hadi sentimita kidogo.

Kama swali ni "dawa imefika kiasi gani," PET ndiyo yenye jibu bora kwa sasa.

10. Nimesoma kwamba PET ya kawaida hutumia florini-18. Kwa nini isitumike hapa?

Florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Kibebeo kinahitaji siku moja au mbili ndipo kikusanyike kwenye uvimbe. Kufikia hapo florini imekwisha na mashine haioni kitu. Mwendo wa kiini cha mionzi lazima ulingane na mwendo wa chembe. Shaba-64 hupungua kwa nusu kila saa 12.7, zirkoni-89 kila saa 78 hivi, na kwa SPECT kuna indiamu-111 yenye siku 2.8.

Hii si habari ndogo kwa hospitali. Mashine ya PET kuwapo haitoshi. Lazima kuwe na njia ya kupata shaba-64 au zirkoni-89, na hivyo si vitu vinavyotengenezwa kila kituo chenye saiklotroni, mashine ya kutengeneza viini vya mionzi.

11. Je, picha inaonyesha dawa yenyewe?

Hapana, na hili ndilo kosa la kawaida zaidi katika kusoma matokeo. Picha inaonyesha alama iliyobandikwa. Fikiria kifurushi ulichotuma kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza ukikifuatilia kwa karatasi ya namba iliyogundishwa juu: karatasi ikibanduka njiani, utaipata karatasi Mwanza huku mzigo umeshuka Dodoma.

Kwenye damu hutokea vivyo hivyo. Shaba ikichomoka kwenye kibebeo hukamatwa na protini na kupelekwa kwenye ini, na picha itaonyesha ini liking'aa hata kama dawa haiko huko. Zirkoni iliyochomoka hukimbilia mifupani. Kinyume chake pia kipo: kibebeo kimefika kwenye uvimbe salama, picha ni nzuri, lakini dawa bado imefungiwa ndani na haijamgusa adui. Kwa hiyo ukisoma utafiti, tafuta kwanza waandishi walipimaje uimara wa alama ndani ya damu ya binadamu kwa saa 24 na 48. Kama hawakupima, picha zao zipendeze vipi hazithibitishi dawa ilipo.

12. Kuna wagonjwa wa kweli waliowahi kupigwa picha hizi, au ni panya tu?

Wapo. Mwaka 2001 kundi la London lilichapisha matokeo ya wagonjwa 17 waliodungwa liposomu zenye indiamu-111. Uvimbe ulionekana kwa 15 kati yao. Saratani za kichwa na shingo zilipokea nyingi zaidi, za mapafu zikafuata, na za titi zilipokea kidogo. Liposomu hizo hazikuwa na dawa. Zilikuwa za kuonyesha njia.

Mwaka 2014 hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York na Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya wagonjwa watano wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, waliodungwa chembe za silika za nanomita 6 hadi 7 zenye iodini-124. Chembe zilitoka kwa mkojo kama ilivyokusudiwa.

Huko Grenoble, Ufaransa, wagonjwa 15 wenye saratani iliyosambaa hadi kwenye ubongo walipewa chembe za AGuIX, ndogo kuliko nanomita 5, zenye gadolinia. MRI ilizionyesha zikiwa ndani ya vivimbe, na kwa baadhi zilikuwa bado zipo wiki moja baadaye. Hizi hazibebi dawa ya kemikali. Gadolinia yenyewe huongeza makali ya mionzi ya tiba pale ilipokaa.

Mfano wa karibu kabisa na dawa na picha kwa pamoja ni MM-302, unaoelezwa kwenye swali la 15.

## Dawa zilizopo na zinavyofanya kazi

13. Ni vibebeo gani vimeshaidhinishwa kutibu saratani?

Doxil, doksorubisini ndani ya liposomu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya Kaposi sakoma, saratani inayoonekana hasa kwenye ngozi, ya wagonjwa wa UKIMWI. Ilitokana na kazi ya Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Israeli. Abraxane, paklitakseli kwenye albumini, ilifuata 2005. Onivyde, irinotekani ndani ya liposomu, iliidhinishwa 2015 kwa saratani ya kongosho, na Vyxeos 2017 kwa aina kali ya saratani ya damu. Hii hubeba dawa mbili kwa uwiano usiobadilika wa 5 kwa 1.

Zote hizi hubeba dawa tu. Hakuna hata moja yenye alama ya picha ndani yake.

14. Dawa ya nano inaponya kuliko ya kawaida?

Mara nyingi haiumizi sana kama ya kawaida, ambalo ni jambo tofauti na kuponya zaidi. Utafiti wa mwaka 2004 uliwalinganisha wanawake 509 wenye saratani ya titi iliyosambaa: waliopata doksorubisini ya liposomu waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 21, na waliopata ya kawaida miezi 22. Hakuna tofauti ya maana. Lakini madhara ya moyo yalikuwa pungufu sana kwa wenye liposomu. Kwa mwanamke mwenye miaka 60 na shinikizo la damu, hiyo si faida ndogo.

Abraxane ilifanya vizuri zaidi kwenye utafiti wake mkuu wa saratani ya titi: uvimbe ulipungua kwa asilimia 33 ya wagonjwa, dhidi ya 19 kwa paklitakseli ya kawaida. Sehemu ya sababu ni kwamba paklitakseli ya kawaida huyeyushwa kwenye mafuta yanayoleta mzio, na kuyaondoa kuliruhusu dozi kubwa zaidi.

15. Basi kwa nini hakuna kibebeo kimoja chenye dawa na picha kinachouzwa?

Hadi sasa hakuna kilichoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida, na sababu kubwa ni kwamba mahitaji ya picha na ya tiba yanavutana. Picha inataka kiasi kidogo, mara moja, na chembe itoke mwilini upesi ili mandhari isafike. Tiba inataka dozi kubwa, mara nyingi, na chembe ikae. Ukiweka kiini cha mionzi kwenye kila dozi ya dawa, mgonjwa anapata mionzi isiyo na sababu kila wiki tatu. Tena kila kitu cha ziada kwenye chembe kinaongeza ugumu wa kuitengeneza kwa kiwango kilekile, kundi baada ya kundi.

Hadithi ya MM-302 ina mafunzo mengi. Ilikuwa liposomu ya doksorubisini yenye kingamwili ya kushika HER2. Watafiti waliifunga shaba-64 na kuwapiga picha wagonjwa 19 wenye saratani ya titi iliyosambaa. Kiasi kilichofika kwenye uvimbe kilitofautiana mno, kutoka asilimia 0.52 hadi 18.5 ya dozi kwa kila kilo ya uvimbe, na waliopokea zaidi walielekea kukaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kuendelea. Lakini jaribio kubwa la dawa hiyo liliwachagua wagonjwa kwa HER2, si kwa picha, na mwaka 2016 lilisitishwa kwa sababu halikuonyesha dalili ya kushinda tiba ya kawaida. Inaniuma kila ninapolisoma, kwa sababu kifaa cha kuchagua kilikuwapo mezani.

Njia inayoonekana kuwa ya busara sasa ni kutenganisha. Tanguliza chembe ya picha inayosafiri kama dawa, tazama, halafu amua. Ferumoksitoli, chembe ya oksidi ya chuma iliyoidhinishwa Marekani 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, imejaribiwa hivyo: mivimbe iliyoipokea kwa wingi kwenye MRI ilielekea kupungua zaidi baada ya irinotekani ya liposomu.

16. Nimesikia kuna vibebeo vinavyofunguka kwa joto. Ni kweli?

Ni kweli, na vimepita misukosuko. ThermoDox ni liposomu inayomwaga doksorubisini ikifika nyuzijoto 40 hivi. Majaribio yake makubwa mawili ya saratani ya ini hayakufaulu, la kwanza 2013 na la pili 2020. Huko Oxford watafiti walitumia ultrasaundi iliyolengwa kupasha joto uvimbe wa ini kwa wagonjwa kumi, na mwaka 2018 walionyesha kwamba dawa iliongezeka ndani ya uvimbe. Kufungua kibebeo kunawezekana. Kuonyesha kwamba mgonjwa anaishi zaidi bado.

17. Madhara ni yapi?

Doksorubisini ya liposomu husumbua viganja na nyayo: ngozi huwa nyekundu, inauma, inaweza kubabuka. Wanaofua kwa mikono, wanaoosha vyombo kwa maji ya moto au wanaovaa viatu vya kubana huumia zaidi, kwa hiyo siku chache za mwanzo baada ya dozi kazi hizo ziachiwe mtu mwingine. Mwambie muuguzi mapema. Dozi ikicheleweshwa au kupunguzwa, hali hutulia.

Baadhi ya watu huitikia dakika za kwanza za dripu: uso kuwa mwekundu, kifua kubana, mgongo kuuma. Wauguzi wanalijua hili na huanza dripu taratibu. Ferumoksitoli ina onyo la mzio mkali unaoweza kuua, ndiyo maana hutolewa mahali penye vifaa vya dharura. Gadolinia ni sumu ikiachiliwa huru mwilini, na mwenye figo dhaifu lazima aseme kabla ya kudungwa chochote chenye gadolinia.

## Afrika Mashariki

18. Dawa hizi zinapatikana kwetu?

Zipo, kwa uchache na kwa bei inayowaacha wengi nje. Kaposi sakoma imetusumbua kwa muda mrefu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala, iliyoanzishwa 1967, iliitibu kabla UKIMWI haujajulikana. Ugonjwa ule ule ulioipatia Doxil idhini Marekani ndio unaojaza wodi zetu, ilhali utafiti mkubwa uliochapishwa 2020, uliohusisha Kenya, Uganda na Malawi, ulilazimika kulinganisha dawa zile tu zilizokuwa zinapatikana. Paklitakseli ya kawaida ndiyo iliyoshinda, na ni chaguo zuri.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka doksorubisini ya liposomu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya Kaposi sakoma. Nakala ya kwanza ya dawa hiyo, ya Sun Pharma ya India, iliidhinishwa Marekani 2013. Uliza hospitali yako kama inaagiza.

Kwa upande wa picha, PET ipo Nairobi, katika Hospitali ya Aga Khan na katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hutumika kwa vipimo vya kawaida vya saratani. Kuhusu viini vya muda mrefu, rejea swali la 10.

19. Baba yangu ana saratani ya tezi dume na ameambiwa kuhusu lutetiamu. Ndiyo hii?

Siyo. Lutetiamu-177 PSMA, iliyoidhinishwa Marekani 2022 kwa jina la Pluvicto, ni molekuli ndogo inayobeba mionzi. Haina chembe ya nano. Lakini inafuata kanuni ileile ya kuona kwanza: mzee hupigwa PET inayoonyesha kama uvimbe una PSMA ya kutosha, yaani ile alama ya seli inayoshikwa na dawa, na asiye nayo hapewi. Ni uthibitisho mzuri kwamba kuchagua kwa picha kunaweza kuwa huduma ya kila siku.

20. Kuna mtu anauza vidonge vya "nano" vya kutibu saratani. Vinafaa?

Usinunue. Kila dawa iliyotajwa kwenye swali la 13 huingizwa mshipani, hospitalini, chini ya uangalizi. Hakuna kidonge, chai wala maji ya "nano" yaliyothibitishwa kutibu saratani. Ukiwa Tanzania uliza TMDA, Kenya uliza Pharmacy and Poisons Board, Uganda uliza National Drug Authority, kama bidhaa imesajiliwa. Na kama mgonjwa ameshaanza kutumia, mwambie daktari bila aibu. Baadhi ya bidhaa hizo huliumiza ini lilelile linalohitajika kuchakata dawa za saratani.

## Hali za pekee

21. Nimealikwa kwenye utafiti wa majaribio. Niulize nini?

Uliza kama awamu hii inapima usalama au inapima kama dawa inatibu, kwa sababu awamu ya kwanza haiahidi kupona. Uliza mionzi ya picha ni mingapi na itarudiwa mara ngapi. Uliza kama picha ikionyesha dawa haijafika, tiba yako itabadilishwa au matokeo yatabaki kwenye daftari la watafiti. Swali hilo la mwisho huwa halipendwi, lakini ni haki yako. Namba ya idhini ya kamati ya maadili iandikwe kwenye fomu ya ridhaa, na unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

22. Nilidungwa ferumoksitoli kwa ajili ya damu. Itaathiri MRI yangu?

Inaweza, hadi miezi mitatu. Chuma hubadilisha mwonekano wa ini na wengu na kinaweza kusomwa vibaya. Waambie watu wa radiolojia tarehe uliyodungwa.

23. Doksorubisini ya kawaida imekwisha. Tunaweza kutumia ya liposomu kwa dozi ileile, au kinyume chake?

Hapana, kamwe. Ni dawa mbili tofauti kwa mwili hata kama jina ni moja na rangi ni moja. Ya kawaida mara nyingi hutolewa miligramu 60 hadi 75 kwa mita ya mraba kila wiki tatu. Ya liposomu kwa Kaposi sakoma ni 20 kila wiki tatu, na kwa saratani ya ovari ni 50 kila wiki nne. Kuzibadilishana bila kukokotoa upya ni hatari ya kifo.

Muuguzi anayeandaa dripu aangalie chupa yenyewe, si rangi. Ya kawaida ni angavu. Ya liposomu ina ukungu. Ya liposomu huchanganywa na dekstrozi ya asilimia 5 pekee, si salaini, haipitishwi kwenye kichujio cha mrija, na chupa isigandishwe. Kama jina kamili kwenye fomu ya daktari na kwenye chupa hayalingani neno kwa neno, simamisha na upige simu famasi kabla ya kuunganisha mrija.